Nani Anamiliki Mechi Iliyokwisha Kuchezwa?

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa namna ambayo wajuzi wa mbio za kati waliihesabu kuwa ni wazimu. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akabaki mbele, na mbele ndiko alikomalizia. Saa zilisoma dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, iliyokuwa imesimama tangu 1967, ilianguka; na kasi ya Bayi iliwavuta wenzake kiasi kwamba hata John Walker wa New Zealand, aliyeshika nafasi ya pili, naye alimaliza ndani ya rekodi hiyo ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu.

Wakazi wa Christchurch waliziona mbio zile kwa macho yao, na watu wa nchi nyingine waliziona kwenye televisheni. Watanzania wa Bara, ambao shujaa alikuwa wao, walizipata redioni na magazetini. Upande wa Bara haukuwa na kituo cha televisheni, na ungeendelea kukaa bila kituo kwa miaka ishirini mingine.

Leo mwanafunzi aliyebanwa kwenye daladala anaweza kuzitazama mbio hizo kwenye simu yake, akazisimamisha, akazirudisha nyuma, akaitazama hatua ya mwisho ya Walker mara kumi. Ni maendeleo makubwa na sina sababu ya kuyabeza. Lakini picha anayoitazama haikupigwa na sisi, haihifadhiwi na sisi, na siku mwenye haki zake atakapoamua kuiondoa, hakuna ofisi Dodoma wala Dar es Salaam itakayoulizwa. Katika makala haya nataka kuifuata safari hiyo: namna tulivyotoka kwenye zama ambazo dola ndiyo iliyoamua kama raia ataona, tukaingia kwenye zama ambazo mfuko wake ndio unaoamua, na sasa tumefika mahali ambapo hata kilichokwisha kutokea, mechi iliyokwisha kuchezwa na kila mtu akajua matokeo yake, ni mali ya kukodishwa.

Tuanze na sikio. Kwa vizazi viwili au vitatu vya Waafrika Mashariki, mpira wa miguu ulikuwa sauti. Radio Tanzania Dar es Salaam upande mmoja, Sauti ya Kenya upande mwingine, na ndani ya redio hizo watu waliogeuza utangazaji kuwa fani kamili ya lugha. Leonard Mambo Mbotela nchini Kenya na Charles Hilary nchini Tanzania, wote wawili waliofariki mwaka 2025, walikuwa miongoni mwa sauti zilizowafundisha mamilioni jinsi ya kuuona uwanja bila kuwapo. Mtangazaji wa redio ilimlazimu aseme mpira uko upande gani, nani anao, nani anamfuata, jua limeegemea wapi, mashabiki wamevaa nini. Kiswahili cha michezo tunachokitumia hata sasa, lango na winga, kona na mchomo, dakika za lala salama, kilikomaa kwa sehemu kubwa katika shida hiyo ya kukosa picha.

Sauti ilikuwa na jambo moja ambalo wachumi wa leo wangelipenda: gharama yake haikuongezeka kwa wingi wa wasikilizaji. Redio moja ya mkulima, ikining'inizwa kwenye mti wa mwembe, ilitosha kijiji. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4–0 na Mufulira Wanderers wa Zambia hapa Dar es Salaam katika Klabu Bingwa Afrika, kisha ikaenda Lusaka na kushinda 5–0. Wazee wanaoisimulia mechi ya Lusaka huisimulia kama watu waliokaa jukwaani. Wanaonyesha kwa mikono mpira ulivyopinda. Ukiwabana kidogo unagundua kwamba karibu wote waliipokea kwa masikio, na kwamba picha walizo nazo wamezichora wenyewe. Sioni haya kuiita hiyo kumbukumbu ya taifa, ijapokuwa haina hata fremu moja ndani yake.

Kwa nini basi hatukuwa na picha? Sababu haikuwa umaskini peke yake. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi kubwa kadhaa za Afrika hazikuwa na rangi. Bara ilijizuia. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya mjini ambayo ingezidisha pengo kati ya mwenye umeme na asiye nao, na ingeleta matamanio ya nje kabla nchi haijajipanga. Mtu anaweza kuukubali au kuukataa uamuzi huo. Mimi naona ulikuwa na mantiki katika mwaka wa 1967 na ulikuwa umepoteza mantiki hiyo kufikia katikati ya miaka ya 1980, wakati deki za video zilipokuwa zimejaa mijini. Lakini ulikuwa uamuzi wa kisiasa uliosemwa waziwazi. Raia alijua nani amemnyima na kwa hoja gani. Baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 milango ilifunguliwa, ITV ikaanza mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikaja nyuma yake, mwishoni mwa muongo huo.

Niongeze hapa neno moja la pembeni. Tusidhani kwamba dola iliyowapa watu picha ilikuwa lazima njema kuliko iliyowanyima. Moja ya mara za mwanzo kabisa mashindano makubwa kurushwa moja kwa moja kwenye televisheni ilikuwa Olimpiki ya Berlin ya 1936, na watu wa Berlin waliitazama katika vyumba vya umma vilivyotayarishwa na utawala wa Hitler. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1937, BBC ilirusha mechi ya majaribio kati ya Arsenal na kikosi cha akiba cha Arsenal hiyohiyo, ikaonekana na watu wachache waliokuwa na vyombo London. Picha ya moja kwa moja ilizaliwa ikiwa na mabwana wawili waliokuwa wakiigombania, propaganda na burudani. Bwana wa tatu, mwenye daftari la hesabu, alikuwa bado njiani.

Huyo wa tatu aliingia kwa kishindo mwaka 1992. Ligi Kuu mpya ya England iliuza haki za kuonyeshwa kwa BSkyB na BBC katika mkataba uliotangazwa kuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. BSkyB ilichukua mechi za moja kwa moja, BBC ikabaki na vipande vya usiku. Kwa mara ya kwanza Mwingereza wa kawaida alitakiwa alipie dishi ili aione ligi ya nchi yake. Miaka minne baadaye Rupert Murdoch aliwaambia wanahisa wake kwamba michezo ndiyo gogo la kuvunjia milango ya nyumba za watu ili televisheni ya kulipia iingie. Nampenda Murdoch kwa jambo hilo moja: alisema alichokusudia.

Uingereza, nchi inayosifika kwa soko huria, haikuliacha soko lifanye lilivyotaka. Sheria ya Utangazaji ya 1996 iliorodhesha matukio ambayo hayawezi kufungiwa ndani ya televisheni ya kulipia pekee: Olimpiki, Kombe la Dunia, fainali ya Kombe la FA, fainali za Wimbledon, mbio za farasi za Grand National na mengineyo. Mwaka 1997 Jumuiya ya Ulaya iliingiza kanuni kama hiyo katika maagizo yake ya televisheni, ikaziruhusu nchi wanachama zitunge orodha zao. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya matajiri. Basi waitazame India, ambayo mwaka 2007 ilipitisha sheria inayozilazimisha televisheni binafsi zigawane na shirika la umma, Prasar Bharati, picha za mashindano yenye umuhimu wa kitaifa. Mwenye haki hakunyang'anywa: mapato ya matangazo ya biashara yanayotokana na kugawana huko hugawanywa, robo tatu kwa mwenye haki na robo kwa shirika la umma. Kriketi ya timu ya taifa ya India humfikia mtu mwenye antena ya kawaida, na haki za kriketi ya India hazikushuka thamani kwa sababu hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna aliyesubiri orodha. Watu walijitungia jibu lao, nalo ni kibanda umiza. Nalitumia jina hilo kwa heshima. Mabati, mabenchi, kiyoyozi ambacho ni mlango ulioachwa wazi, ubao mweusi wenye ratiba iliyoandikwa kwa chaki, na king'amuzi kimoja kilicholipiwa na mmoja kwa niaba ya wote wanaotoa chochote mlangoni. Waganda wanaviita vibanda vyao kwa jina linalofanana. Kisheria jambo hili lilikuwa na utata tangu mwanzo, kwa kuwa king'amuzi cha nyumbani huuzwa kwa masharti ya kutotumiwa kibiashara. Kiuchumi lilikuwa jambo la busara sana: watu waliigawa bei kubwa kwa idadi yao. Kibanda kiliirudisha redio ya kwenye mwembe, safari hii ikiwa na picha.

Lakini udhaifu wa kutegemea mkataba wa mtu mwingine ulijionyesha mapema. Mwaka 2007 kampuni ya GTV, yenye makao London, iliingia katika nchi nyingi za Afrika zikiwamo zetu ikiwa imeshika sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya England, na kwa bei iliyomtikisa mpinzani wake mkubwa. Wateja walinunua madishi na ving'amuzi vyake. Tarehe 30 Januari 2009 kampuni ilizima mitambo na kuingia katika ufilisi. Vyombo vilibaki sebuleni vikiwa havina kazi. Hapakuwa na mjadala wa bunge, wala waziri aliyetoa hoja kama zile zilizotolewa kuhusu televisheni zama za Azimio. Skrini ilikuwa nyeusi, basi.

Mwaka huohuo wa 2009 ndio ninaouhesabu kuwa mlango wa zama tulizomo. Uingereza nako kampuni ya Setanta ilianguka mwezi Juni, na mechi ya kufuzu Kombe la Dunia kati ya Ukraine na England, iliyochezwa tarehe 10 Oktoba, ikabaki bila televisheni ya kuionyesha. Wenye haki wakaiuza mtandaoni peke yake. Kwa mara ya kwanza mechi ya timu ya taifa ya England ilionekana nchini kwao kwa intaneti tu, kwa kulipia, na idadi ya wanunuzi ikawekewa kikomo ili mitambo isizidiwe. England ilifungwa 1–0. Marekani walikwisha kuanza mapema zaidi: tarehe 26 Agosti 2002 mechi ya besiboli kati ya New York Yankees na Texas Rangers ilirushwa mtandaoni, ikatazamwa na watu wapatao 30,000. Januari 2024, mechi ya mtoano ya ligi ya kandanda ya Marekani, kati ya Kansas City Chiefs na Miami Dolphins, iliwekwa kwenye huduma ya Peacock pekee, isipokuwa kwa wakazi wa miji ya timu hizo mbili. Watazamaji walikaribia milioni 23. Kutoka elfu thelathini hadi milioni ishirini na tatu ni safari ya miaka ishirini na mmoja tu.

Ni nini hasa kilichobadilika? Wanafunzi wangu hunijibu upesi: ni njia tu, mpira ni uleule. Sikubaliani nao, na sababu yangu ya kwanza ni ya kiufundi. Mnara wa televisheni au setilaiti hutoa mawimbi mara moja. Akipokea mmoja au wakipokea milioni, gharama ya kurusha ni ileile. Mtandaoni kila simu huomba nakala yake. Mechi hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande husafirishwa kwenda kwa kila mtazamaji peke yake, kikipunguzwa ubora mtandao unapolegea. Ndiyo maana picha huganda, ndiyo maana jirani mwenye dishi hupiga kelele za goli wakati wewe wa mtandaoni bado unaiona kona ikipangwa. Na kila nakala ina mtu anayeilipia mara mbili: ada ya huduma, kisha bando. Picha ya ubora wa juu hula gigabaiti mbili hadi tatu kwa saa. Mwaka 2025 mechi zote 63 za Kombe la Dunia la Klabu zilionyeshwa bure duniani kote na huduma ya DAZN. Bure kwa nani? Kwa mwenye waya wa intaneti nyumbani, ndiyo. Kwa kijana wa Mbagala au Kisenyi anayenunua bando la siku, kila kipindi cha dakika 45 kilikuwa na bei, nayo haikwenda kwa FIFA wala kwa klabu.

Sababu ya pili ni ya kijamii. Akaunti imeundwa kwa ajili ya mtu mmoja. Huduma za mtandaoni huhesabu vifaa, hutambua nchi uliyomo, hukutoa ukiingia mahali pawili. Mswahili aliyeko Muscat au Minneapolis anaweza kukuta mechi ya ndugu zake imefungwa kwake na kufunguliwa kwa jirani wa ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa ramani ya haki haifanani na ramani ya lugha wala ya ukoo. Kibanda kinaweza kuunganisha simu na skrini kubwa, na vingine vinafanya hivyo, lakini kinafanya kinyume cha masharti yaliyoandikwa na kinyume cha chombo chenyewe kilivyobuniwa.

Sababu ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi, nayo ni marudio.

Marudio ya papo kwa papo yalionekana kwa mara ya kwanza tarehe 7 Desemba 1963, katika mechi ya Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Maji nchini Marekani. Mwongozaji wa matangazo wa CBS, Tony Verna, alirudisha bao mara baada ya kufungwa, na mtangazaji ikambidi awahakikishie watazamaji kwamba jeshi halijafunga tena. Watu hawakuwa wamezoea jambo kutokea mara mbili. Tangu siku ile tumezoea kupita kiasi. Sasa hata mwamuzi hukimbilia pembeni ya uwanja kwenda kutazama kile alichokuwa amekitazama.

Hata hivyo, uwezo wa kurudisha hauna maana ya uwezo wa kuhifadhi. Fainali ya kwanza ya Super Bowl, Januari 1967, ilirushwa na televisheni mbili kubwa, CBS na NBC, na zote mbili hazikubaki na nakala kamili. Kanda zilikuwa ghali. Zilifutwa na kutumiwa tena. Baadaye ikajulikana kwamba raia mmoja alikuwa amejirekodia sehemu kubwa ya mechi hiyo. Ikazuka hali ya ajabu: yeye ni mmiliki wa kanda, ligi ni mmiliki wa kilichomo ndani ya kanda, hivyo mmoja hawezi kuionyesha bila idhini ya mwingine. Mwaka 2016 ligi iliiunga upya mechi kutoka kwenye filamu zake yenyewe. Kama nchi yenye utajiri huo ilipoteza tukio lililotazamwa na mamilioni, sisi tusijidanganye kwamba vitu hujihifadhi.

Watu wa mtandao watasema zama za kufuta kanda zimekwisha. Ni kweli, na badala yake kuna kitu chenye adabu zaidi: ukomo wa leseni. Huduma hununua haki ya kuonyesha mechi kwa msimu huu na marudio kwa muda fulani. Muda ukiisha, faili huondolewa kwenye orodha hata kama bado lipo kwenye mashine. Hakuna aliyefuta. Hakuna aliyechoma kanda. Mtazamaji aliyelipa kila mwezi kwa miaka mitano hana hata dakika moja ya kumwachia mwanawe. FIFA ilipofungua huduma yake ya FIFA+ Aprili 2022 ikiwa na maktaba ya zaidi ya saa 2,000 za Kombe la Dunia, wengi tulishangilia, nami nilikuwamo. Nimewahi kuitumia darasani. Lakini maktaba ya kweli ina sheria inayoilinda dhidi ya mwenyewe, na ile ina bodi ya wakurugenzi.

Tuje nyumbani. Mwaka 2015 Gor Mahia ilitwaa ubingwa wa Kenya bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Kamera zilizoipiga ligi hiyo zilikuwa za SuperSport ya Afrika Kusini, ambayo ilikuwa imeingia mkataba na Ligi Kuu ya Kenya tangu 2007 na kuleta fedha na mwanga ambavyo ligi haikuwahi kuviona. Mwaka 2017, baada ya mvutano kuhusu ligi kuongezwa kutoka timu 16 hadi 18, SuperSport iliondoka. Muongo mzima wa mpira wa Kenya uko katika picha hizo: mabao, majeraha, viwanja vilivyojaa na vilivyokuwa tupu, nyuso za mashabiki wa Kisumu na Nairobi. Mwanahistoria anayetaka kuuandika muongo huo hatabisha hodi katika Nyaraka za Taifa za Kenya. Atabisha kwa kampuni, na atajibiwa kwa hisani ya kampuni.

Tanzania tumekuwa na bahati kiasi. Azam ilianzisha televisheni yake mwaka 2013, na mwaka 2021 ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Sitaki kuwa mchoyo wa shukrani. Ligi inaonyeshwa kwa Kiswahili, viwanja vya mikoani vinafikiwa, klabu ndogo zinalipwa, na programu yake ya simu imemwezesha Mtanzania aliye mbali kuifuata timu yake. Ligi nyingi za Afrika zingefurahi kuwa na mkataba wa namna hiyo. Nauliza jambo moja tu, ambalo nadhani linapaswa kuulizwa na kila mtumishi wa umma anayesoma makala haya: mwaka 2031, mkataba utakapofika ukomo, misimu hiyo kumi ya ligi itakuwa ya nani, na mtoto atakayezaliwa mwaka huo ataiona wapi?

Kwa upande wa mashindano ya bara swali lina jibu tayari, nalo halipendezi. Usiku wa tarehe 3 Juni 2023 Yanga ilishinda 1–0 mjini Algiers dhidi ya USM Alger na bado ikakosa Kombe la Shirikisho kwa kanuni ya mabao ya ugenini, baada ya kufungwa 2–1 Dar es Salaam. Tarehe 25 Mei 2025 Simba ilitoka sare ya 1–1 na RS Berkane katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar, ikiwa imefungwa 2–0 Morocco, nayo ikalikosa kombe lilelile. Ni miongoni mwa mechi kubwa kabisa katika historia ya klabu zetu. Picha zake ni mali ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika na wale wanaonunua kutoka kwake. Jinsi soko hilo linavyoyumba tulikuona kabla ya Kombe la Mataifa lililochezwa Ivory Coast Januari 2024: haki zilikuwa mikononi mwa New World TV ya Togo, SuperSport ikatangaza kwamba haitaonyesha mashindano, kisha siku chache kabla ya mechi ya kwanza wakaelewana. Tanzania ilikuwa mshiriki wa mashindano hayo. Kwa muda, mamilioni ya wateja wa Afrika hawakujua kama wataziona timu zao za taifa, na serikali zao hazikuwa na la kusema, kwa sababu hazikuwa na sheria ya kuzipa neno.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 ilitungwa kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi za umma. Barua ya katibu mkuu kuhusu ukarabati wa uwanja italindwa. Mechi iliyochezwa ndani ya uwanja huo haimo. Najua hoja ya wenye haki, kwamba thamani ya mkataba inatokana na upekee, na ukimpa kila mtu kila kitu klabu zitakufa njaa. Ni hoja ya haki kuhusu mechi ya leo saa moja usiku. Kuhusu mechi ya miaka saba iliyopita, ambayo haiuzi tena tangazo lolote, haina uzito huo. Anayechapisha kitabu Tanzania hutakiwa kuweka nakala katika maktaba ya taifa, na hakuna mchapishaji aliyewahi kufilisika kwa nakala hizo.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, baada ya kuandaa michuano ya CHAN mwezi Agosti 2025. Viwanja vinajengwa na kukarabatiwa kwa kodi za wananchi wa nchi tatu, Arusha, Nairobi na Hoima vikiwamo. Ulinzi, barabara, umeme wa dharura, misamaha ya kodi, vyote ni vyetu. Anayekaa mezani akiwa na vitu hivyo mkononi si mwombaji. Anaweza kudai mambo mawili yaandikwe kabla taa za uwanja hazijawashwa: mechi za timu tatu wenyeji, pamoja na fainali, zionekane kwenye televisheni isiyolipiwa katika nchi hizo tatu, na nakala kamili ya kila mechi itakayochezwa katika ardhi yetu, ikiwa na sauti ya Kiswahili, ikabidhiwe kwa nyaraka za taifa za kila mwenyeji ndani ya miezi kumi na miwili, ifunguliwe kwa watafiti mara moja na kwa umma baada ya miaka mitano.